Pindo Kubwa, Mji Mtupu: Kisa cha CV ya Dizaina wa Kariakoo

Ujumbe wake uliingia Jumamosi asubuhi kwa WhatsApp: "Shikamoo dada. Tangu Januari nimeomba kazi sehemu kumi na moja, hakuna hata mmoja aliyenipigia. Naomba uniangalizie CV yangu, tatizo liko wapi." Nilikuwa sokoni. Nikaifungua palepale, mkono mmoja umeshika mfuko wa nyanya. Nikaona rangi ya njano, kijana ndani ya suti, na vialama vingi vidogovidogo. Maandishi sikuyaona. Nikapanua kwa vidole viwili, yakaja na ukungu, maana aliituma kama picha na WhatsApp ikaibana. Nikarudisha simu mfukoni.

Mimi namjua huyu kijana. Najua mikono yake inaweza nini, na namtakia mema. Hata hivyo CV yake niliiacha kabla sijasoma neno moja. Basi fikiria afisa wa kampuni asiyemjua, mwenye maombi mia na hamsini ya kupitia kabla ya chakula cha mchana. Jioni nikamwandikia: "Marahaba mdogo wangu. Kesho njoo nyumbani, uje na kompyuta."

Kisa chenyewe ni hiki. Ana miaka ishirini na minane. Tangu 2018 yuko kwenye karakana ya uchapaji Kariakoo, akipanga lebo, mabango, kadi za harusi, vipeperushi vya uchaguzi, kila kinachopita mlangoni. Alichokuwa anakitafuta ni kazi ya kudumu kwenye kampuni ya vifungashio, afanye kazi ya chupa, mifuko na maboksi peke yake, kwa sababu huko ndiko moyo wake uliko. Kazi anaijua. Karatasi iliyotakiwa kusema hivyo ndiyo iliyomwangusha.

Hali niliyoikuta

CV yenyewe ilikuwa kurasa mbili za A4. Theluthi ya kushoto ya ukurasa wa kwanza ilikuwa safu nyeusi yenye maandishi ya njano. Juu yake picha ya duara, ile ya suti, aliyopigwa kwenye harusi ya kaka yake. Chini ya picha kulikuwa na vipimo vya uwezo vilivyochorwa kama betri ya simu: Photoshop asilimia 95, Illustrator 90, CorelDRAW 90, Kiingereza 80. Halafu vialama vya anavyovipenda: mpira, muziki, ndege. Safu ya kulia ilikuwa nyeupe, vichwa vya habari vya njano, maandishi ya pointi 7. Elimu ilianzia shule ya msingi. Palikuwa na namba ya NIDA, dini, hali ya ndoa. Ukurasa wa pili ulibeba wadhamini watatu na namba zao za simu, mmoja wao mwalimu mkuu aliyestaafu siku nyingi.

Kabla hajafika nilikuwa nimepita steshenari ya mtaani nikaichapa kwa wino mweusi, kwa sababu ofisi nyingi ndivyo zinavyochapa. Alipokaa nikamwekea karatasi mezani, nikamwambia, "Nionyeshe jina lako."

Akaangalia. Jina lilikuwa limeandikwa kwa njano juu ya nyeupe. Kwenye karatasi ile lilibaki kivuli, kama mwandiko uliofutwa kwa raba. Yeye ni mtu wa rangi, hakuhitaji maelezo, lakini hesabu yake inafaa kuwekwa hapa: wanaoshughulika na usomekaji wa kurasa za intaneti wanataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1. Njano kali juu ya nyeupe inatoa 1.07 kwa 1. Ni sawa na kuandika kwa maziwa. Ile safu nyeusi nayo ilikunywa wino mpaka karatasi ikajikunja.

Jaribio la pili nilimfanyisha mwenyewe. Fungua PDF, chagua maandishi yote, nakili, kabandike kwenye ukurasa mtupu. Akabandika. Hakuna kilichokuja. Hapo akacheka kwa uchungu, kwa sababu alijua kosa limetoka wapi. Sisi wa uchapaji, kabla ya kupeleka kazi kwenye pleti, yaani bamba la kuchapia, hugeuza herufi kuwa michoro ili fonti isije ikabadilika kwenye kompyuta ya mwingine. Ni tabia njema sana karakanani. Lakini kampuni kubwa siku hizi hupitisha maombi kwenye programu inayotafuta maneno kwanza, na programu hiyo mbele ya herufi zilizogeuzwa michoro haikuti hata jina la mwombaji. Akarudisha herufi za kweli, tukarudia. Safari hii maneno yalikuja, ila safu mbili zilikuwa zimeingiliana: "Photoshop Msaidizi wa dizaini Kiingereza 2018 Kariakoo".

Kwenye kiti kulikuwa na khanga yangu. Nikaitandaza mezani juu ya karatasi zote. "Hii ina sehemu gani?" Akanijibu kama mtoto aliyelelewa na bibi: "Pindo, mji na jina." Pindo ni ukingo, mji ni katikati, jina ni msemo ulioandikwa. Nikamuuliza, mwanamke akiingia dukani anamwambia muuzaji amwonyeshe nini? Akafikiri kidogo. Anaiangalia rangi kwa mbali, akasema, lakini akiishika mkononi analisoma jina, na jina lisipomgusa anairudisha. Hapo ndipo nilipotaka tufike. Pindo lina kazi yake, linabeba mji usielee. Ila CV yake ilikuwa pindo kutoka ncha hadi ncha, mji ni kinjia chembamba katikati, na jina, yaani lile neno moja ambalo lingemfanya mtu aishike, halikuwepo mahali popote.

Akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba aliogopa CV ikiwa nyeupe wataona hana ubunifu. Hofu hiyo naiheshimu. Karibu kila dizaina kijana ninayekutana naye anayo, na inatokana na mapenzi ya kazi. Lakini mwenye kazi ya vifungashio hatafuti mtu wa kupamba. Anatafuta mtu anayejua kwamba maandishi ya viungo lazima yasomeke kwenye kichupa cha mililita mia, na kwamba tarehe ya kwisha muda ikifichwa kwenye mkunjo mzigo unarudishwa. Ukimpelekea ukurasa wa pointi 7 usiosomeka umeshamjibu swali lake kabla hajauliza.

Maswali

Kompyuta tukaifunga. Nikampa karatasi tupu na kalamu, tukazungumza kwa Kiswahili, ingawa CV ilikuwa ya Kiingereza na ingerudi kuwa ya Kiingereza. Hili nalisisitiza kwa yeyote anayesaidia mtu na CV yake. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota kwenye violezo: mchapakazi, mbunifu mwenye shauku, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Sentensi hizo angeweza kuziandika fundi bomba, muuguzi na mwalimu wa hesabu, na zisionekane ngeni kwa yeyote kati yao. Mtu akisimulia kazi yake kwa lugha anayoiotea ndoto, vitu halisi vinajitokeza.

Kwenye uzoefu alikuwa ameandika hivi, naweka hapa kwa Kiswahili: "Nilishiriki kudizaini lebo za bidhaa mbalimbali." Nikamuuliza, lebo ipi? Akataja chache, akafika kwenye sosi ya pilipili. Hapo macho yake yakabadilika.

"Hiyo nusura ituue, dada."

"Ituue vipi?"

Mwenye bidhaa alitaka kila kitu kiwe chekundu, pilipili ionekane. Mpaka mistari ya bakodi, ile inayoanza na 620 ya Tanzania, akataka iwe myekundu juu ya nyeupe ifanane na mengine. Bosi akakubali, mteja ndiye anayelipa. Kijana wetu akakataa kupeleka kwenye pleti. Alikumbuka kwamba mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, na mwanga mwekundu ukipiga kwenye wekundu unarudi kama umepiga kwenye weupe. Mashine haioni mstari wowote. Hakutaka kubishana kwa mdomo. Akachapa nakala mbili za majaribio, moja myekundu na moja nyeusi, akashuka nazo kwenye duka la vipodozi chini ya jengo lenye mashine ya kusoma bakodi, akamwomba dada wa kaunta ajaribu. Nyekundu, kimya. Nyeusi, mlio. Akarudi juu na dada wa kaunta mwenyewe kuwa shahidi. Oda ilikuwa ya lebo elfu thelathini.

Nikamuuliza habari hii iko wapi kwenye CV. Haikuwepo.

"Kwa nini?"

"Dada, si nitaonekana najisifu? Kizuri chajiuza."

Nilinyamaza kidogo, maana methali hiyo nimelelewa nayo pia na siitupi. Lakini kizuri chajiuza kikiwa mezani sokoni, watu wanakiona na kukishika. Kilichofungiwa kabatini hakijiuzi hata kiwe dhahabu. Na kusimulia ulichokifanya, kwa kipimo chake, bila kuongeza chumvi, mimi sioni majivuno ndani yake. Majivuno ni ile asilimia 95 ya Photoshop. Asilimia 95 ya nini? Nani alipima? Yeye mwenyewe alikiri kwamba alichagua 95 kwa sababu 100 ingeonekana ni kiburi.

Tukaandika upya, na sentensi yenyewe ni hii: "Lebo ya sosi ya pilipili, nakala 30,000. Nilipanga rangi na maandishi. Kabla ya pleti niligundua kwamba bakodi nyekundu haisomeki. Nilithibitisha kwa nakala za majaribio kwenye mashine ya dukani, mteja akakubali nyeusi."

Sehemu hii ilichukua karibu saa tatu, na ndiyo iliyozaa matunda kuliko nyingine zote. Kila kazi tuliipitisha kwenye maswali yaleyale: mteja alikuja na shida gani, wewe uliamua nini, ungekuwa hupo siku ile nini kingeharibika. Kazi nyingine hazikuwa na jibu la swali la tatu, tukaziacha ziende. Nyingine zilitushangaza. Vifuko vya kahawa, alivyokuwa amevisahau kabisa, vilikuwa na jambo zuri: alihamisha maelezo ya uzito kutoka mgongoni hadi mbele, kwa sababu wauzaji walikuwa wanavipanga rafuni uso ukitazama mbele na mnunuzi akawa hajui kipi ni robo na kipi ni nusu.

Jambo lililotusumbua ni viambishi. Aliandika kila kitu kwa "tuli": tulidizaini, tulichapa, tulikamilisha. Ni adabu yetu, mtu hajitengi na wenzake. Lakini msomaji wa CV anataka kujua anamwajiri nani. Tukakubaliana kanuni: palipo na uamuzi wake, "nili", palipokuwa na mikono ya wengi, wataje kwa kazi zao. Kwenye lebo ya asali picha ya mzinga aliipiga mpiga picha wa mteja, basi imeandikwa hivyo hivyo. Na namba ambazo hakuzijua hakubuni. Alitaka kuandika kwamba mauzo ya sosi yalipanda. Yalipanda kweli? "Nadhani." Basi tuliache. Idadi ya nakala iko kwenye kitabu cha oda, mauzo hayako mikononi mwake.

Kadi za harusi zilitugawa. Yeye alitaka kuzifuta zote, anaona haya, ni kazi za kila dizaina wa Kariakoo. Mimi mwanzoni nilikubaliana naye kwa ajili ya kampuni ya vifungashio. Halafu nikamuuliza msimu wa harusi anashughulika na kadi ngapi kwa wiki, akasema inaweza kufika kumi na tano, za mchango na za mwaliko, kila moja ina majina ya koo mbili, ukumbi, tarehe, na kosa la herufi moja kwenye jina la baba mzazi ni ugomvi. Nikabadili mawazo. Mstari mmoja ukabaki, unaosema juu ya usahihi na muda. Ila sampuli za kadi zilizokuwa kwenye faili lake la kazi ziliondoka siku hiyohiyo: zilikuwa na namba za simu za wazazi wa watu na namba za kupokelea michango, wazi kabisa.

Tulichojenga

Yaliyoondolewa ni rahisi kuyataja. Shule ya msingi, vialama, betri za uwezo, dini, ndoa. Namba ya NIDA nilimwambia aiondoe kabla hata hajanywa chai. CV husambazwa kwenye magrupu, huachwa kwenye kompyuta za steshenari, na namba hiyo ni ufunguo wa laini yako ya simu na mambo yako mengi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini mlinzi wa kwanza ni wewe usiyeitoa. Wadhamini nao walipunguzwa wakawa wawili, watu walioiona kazi yake, na wote wawili akawapigia kwanza kuomba ruhusa. Mwalimu mkuu akapumzike. Picha tuliiondoa pia. Tangazo likiitaka kwa maneno, ataiweka, na si ile ya harusi.

Kwa nafasi za serikali fuata tangazo lenyewe. Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, ina fomu yake ya kujaza.

Sura mpya aliichora yeye, mimi nilikaa pembeni. Safu moja. Fonti moja yenye uzito wa aina mbili. Jina pointi 22, maandishi pointi 10.5, pembeni nafasi ya milimita 25 kushoto. Rangi moja tu zaidi ya nyeusi, buluu iliyoiva, ambayo ikichapwa bila rangi inakuwa kijivu kizito na bado inasomeka. Nilitaka tarehe ziwe mwisho wa mstari kama ilivyo kawaida. Yeye akakataa, akaziweka mwanzoni, zikasimama wima kama nguzo, jicho likateremka 2018, 2020, 2022 bila kujikwaa. Nikamwambia programu itachanganya. Akanakili, akabandika, yakatoka kwa mpangilio, kwa sababu aliweka tarehe na cheo kwenye mstari mmoja na si kwenye safu mbili. Alikuwa sahihi kuliko mimi, na nilifurahi sana kumwona anabishana na mimi kwa ushahidi, kama alivyobishana na mwenye sosi.

Juu kabisa, chini ya jina, pale ambapo zamani palikuwa na mbunifu mwenye shauku, sasa pana mistari miwili: dizaina wa lebo na vifungashio, uzoefu wa kupeleka kazi kutoka mchoro wa kwanza hadi pleti, anajua CorelDRAW na Illustrator, yuko Dar es Salaam. Hilo ndilo jina la khanga.

Faili la kazi lilihitaji mkono mgumu zaidi. Lilikuwa na kazi arobaini na mbili, ukubwa wa megabaiti 38, kwa sababu picha zote zilikuwa za nukta 300 kwa inchi kama tunavyopeleka mashineni. Nani atazishusha kwa bando lake? Na link aliyoiweka kwenye CV, nilipoibonyeza kwenye simu ya binti yangu, ilidai niombe ruhusa ya kuona. Sehemu zote kumi na moja zilipelekewa mlango uliofungwa. Zikabaki kazi sita. Nne akaenda kuzipiga picha upya kwenye duka la jirani, asubuhi, karibu na mlango, bidhaa ikiwa rafuni kati ya wenzake, si ikielea kwenye weupe wa kompyuta. Chupa ya sosi imepigwa katikati ya chupa nyingine tano nyekundu, na unaiona. Chini ya kila picha sentensi tatu, si zaidi. Faili likashuka hadi megabaiti 3. Faili la CV nalo sasa lina jina la mwenyewe na neno CV. Awali liliitwa "cv mpya final 3".

Kisha akaitafsiri kwa Kiingereza, sentensi fupifupi, mtu akamsomea kurekebisha. Ile ya Kiswahili tuliihifadhi vilevile.

Baada ya hapo

Alituma sehemu nne tu, kila moja akiwa amesoma tangazo na kubadili ni kazi ipi itangulie. Kampuni ya maji ikapata chupa kwanza, ya nafaka ikapata vifuko kwanza. Mbili zikampigia. Ya kwanza walitaka mtu anayejua pia kuchora kwa pande tatu, hajui, akarudi amejifunza hilo na ameanza kujifunza programu yake usiku.

Ya pili iko upande wa Barabara ya Nyerere, kiwanda cha maboksi na lebo. Alijiandaa kujieleza kwa Kiingereza wiki nzima. Akaingia, akasalimiwa kwa Kiswahili na mzee mmoja wa makamo mwenye miwani kamba shingoni, ambaye mbele yake alikuwa na CV iliyochapwa kwa wino mweusi na kukunjwa mara mbili. Kwenye mstari wa sosi ya pilipili mzee alikuwa amepiga duara kwa kalamu ya wino, pembeni ameandika neno moja: "Ilikuwaje?"

Walizungumza habari ya bakodi kwa nusu saa. Mzee akamshusha kiwandani, akampa boksi la biskuti na kumwambia atafute kosa. Yalikuwa mawili, alipata yote, na akasema la tatu ambalo mzee hakulijua. Tarehe mosi ameanza miezi mitatu ya majaribio.

Jana amenitumia ujumbe mwingine. Anataka kuongeza boksi hilo kwenye CV, ananiuliza kama ni mapema mno. Nimemwambia asubiri lichapwe kwanza.